Ramani ya Mawazo na Kitenzi cha Kiswahili: Tahakiki ya Zana za Mtandaoni katika Ufundishaji wa Fasihi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza chombo kimoja ambacho kimeingia katika madarasa ya Kiswahili kwa kasi, na ambacho aghalabu husifiwa au kulaumiwa kwa hoja za ualimu peke yake, pasipo kuulizwa kinaitendea nini lugha yenyewe. Chombo hicho ni ule mchoro wenye wazo moja katikati na matawi yanayotoka pande zote, ambao zamani mwalimu aliuchora kwa chaki ubaoni, na ambao siku hizi huchorwa kwa programu za mtandaoni kama vile MindMeister na Coggle. Kwa programu hizo wanafunzi wengi huweza kuandika katika mchoro mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na tarakilishi au simu yake.

Hatuna nia ya kukipinga chombo hiki kwa kuwa ni kigeni. Chaki ilikuwa ngeni, na kitabu kilichopigwa chapa kilikuwa kigeni. Swali letu ni la kiisimu na la kihakiki: je, mwanafunzi anapoigeuza riwaya au utenzi wa Kiswahili kuwa matawi ya neno moja moja, ni kitu gani cha lugha hii kinachobaki na ni kipi kinachopotea? Dai letu ni kwamba kinachopotea kwanza ni kitenzi, na kwamba kitenzi kikipotea, mtenda naye hupotea. Katika fasihi yetu, ambayo sehemu yake kubwa inahusu nani amemtendea nani nini, hasara hiyo si ndogo.

2. Asili ya mchoro na suala la istilahi

Aliyeueneza mchoro huu kwa jina unalojulikana nalo leo ni Mwingereza Tony Buzan (1942–2019), kwa kitabu chake na kwa vipindi vya televisheni ya BBC mnamo 1974. Hata hivyo, wazo la kupanga maarifa kwa umbo la mti ni la kale. Mti wa Porphyry, uliopewa jina la mwanafalsafa wa karne ya 3, ulitumiwa na wanazuoni wa Zama za Kati kuonyesha jinsi jenasi inavyogawanyika kuwa spishi. Buzan alichoongeza ni masharti ya uchoraji: wazo kuu liwe katikati na liwe picha, rangi zitumike kwa wingi, na kila mstari ubebe neno kuu moja tu. Sharti hili la mwisho ndilo litakalotushughulisha zaidi.

Sambamba na mchoro huo kuna mwingine ambao mara nyingi huchanganywa nao. Mnamo 1972, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Joseph Novak na wenzake walianza kutumia michoro ya dhana ili kufuatilia jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Msingi wao ulikuwa nadharia ya David Ausubel, inayosema kwamba mtu hujifunza jambo jipya kwa kulifungamanisha na analolijua tayari. Katika mchoro wa Novak, mstari unaounganisha dhana mbili sharti uandikwe neno la kuzihusisha, ili dhana ya kwanza, neno hilo na dhana ya pili vifanye kauli kamili. Kwa ufupi, Buzan anadai neno, na Novak anadai sentensi. Tofauti hii huonekana ndogo mpaka mtu aanze kufundisha.

Ama kuhusu istilahi, walimu husema "ramani ya mawazo", na baadhi yao "mchoro wa mawazo" au "mtandao wa dhana". Katika makala haya tutaitumia ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokwisha kuzoeleka. Lakini inafaa kukumbusha kwamba neno "ramani" linahusishwa na rahmani, yaani vile vitabu vya manahodha wa Bahari ya Hindi vilivyoeleza njia za baharini. Rahmani ilikuwa maelezo ya safari kwa maneno: toka hapa, shika upande huu, ukiona kilele kile geuka. Ilikuwa na mwanzo, mfuatano na mwisho. Hivyo basi, kama asili hiyo ni sahihi, ramani ya kwanza katika lugha yetu ilisimulia. Tutalirejea jambo hili baadaye.

3. Mahali ambapo mchoro unafaa

Haki inatudai tuanze kwa mema. Kuna sehemu za somo la Kiswahili ambazo ramani ya mawazo huzifaa kama mkono na kinu na mchi, na sehemu iliyo wazi zaidi ni mnyambuliko na uundaji wa maneno. Chukua mzizi -som-. Upande mmoja yatatoka matawi ya vitenzi: somea, someka, somesha, somwa, someana, someshana. Upande wa pili yatatoka majina: somo, msomi, msomaji, usomaji, kisomo. Mwanafunzi akiona matawi haya yote yameota kwenye shina moja, anaelewa kwa mtazamo mmoja jambo ambalo orodha ya kamusi humficha, yaani kwamba lugha hii hujenga msamiati wake kutoka ndani. Tena, mchoro wa mtandaoni una faida ambayo ubao hauna: tawi likiwekwa mahali pasipofaa, huhamishwa bila kufuta kazi yote.

Vile vile mchoro ni msaada wakati wa kuandaa insha. Mwanafunzi aliyezoea kuanza kuandika kabla ya kufikiri hulazimika kusimama, kukusanya hoja, na kuona ni zipi zinazorudiana. Darasa linapofanya kazi hii kwa pamoja, yule mwanafunzi asiyethubutu kuinua mkono hupata njia ya kutia neno lake. Hili si jambo la kubezwa. Walimu wengi walilishuhudia hasa baada ya Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Covid-19 na baadhi yao wakalazimika kufundishia mtandaoni.

Hata hapa, hata hivyo, kuna dosari moja inayofaa kutajwa. Pale ambapo kivinjari kimepangwa kwa Kiingereza, kila neno la Kiswahili hutiwa mstari mwekundu chini yake kana kwamba ni kosa. Mtoto anayeandika "wanasomeshana" kwa usahihi kamili huambiwa na mashine kwamba amekosea. Mwalimu asipolieleza jambo hili mapema, mashine itakuwa imefundisha somo lake la kimya juu ya lugha ipi ni sahihi na ipi si sahihi.

4. Mti na mzazi mmoja

Tugeukie sasa umbo lenyewe. Ramani ya mawazo ni mti, na kanuni ya mti ni kwamba kila tawi lina shina moja tu linalolizaa. Sarufi ya Kiswahili haikubali kanuni hii kwa urahisi.

Mfano ulio karibu ni ngeli. Mwalimu akichora mti wa ngeli kwa kufuata viambishi vya majina, neno "kipofu" litakaa katika tawi la KI-VI pamoja na kiti na kisu. Akichora kwa kufuata upatanisho wa kisarufi, litakaa katika tawi la A-WA, kwa kuwa twasema "kipofu huyu amefika" na "vipofu hawa wamefika". Neno hilo lina wazazi wawili. Neno "rafiki" lina matata zaidi. Wingi wake ni "marafiki", kwa kiambishi cha maneno kama matunda. Kimilikishi chake aghalabu hufuata ngeli ya I-ZI, "rafiki yangu, marafiki zangu". Na kitenzi chake hufuata A-WA, "wamefika". Katika sentensi fupi kama "marafiki zangu wamefika" ngeli tatu zimekutana, na hakuna msemaji anayeona ajabu yoyote.

Mti hauna mahali pa kuliweka neno kama hilo. Ni kweli kwamba programu nyingi huruhusu kuchora mstari wa kuvuka kutoka tawi moja hadi jingine. Lakini mstari huo huja baadaye, kama kiraka, wakati ambapo katika lugha jambo hilo ndilo kawaida. Mwanafunzi aliyefundishwa ngeli kwa mti huishia kuyaona maneno haya kuwa "maneno yanayovunja sheria", ilhali kilichovunjika ni mchoro. Ni afadhali zaidi kutumia jedwali lenye safu mbili, moja ya umbo la jina na moja ya upatanisho, ambalo humwonyesha mwanafunzi kwamba hapa kuna vipimo viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja.

5. Neno kuu na kupotea kwa mtenda

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Mnamo 2016, katika kuwasimamia walimu-wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwandishi huyu aliketi nyuma ya darasa la kidato cha tatu lililokuwa likisoma riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyotolewa mnamo 2012 na kutahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Mwalimu, kijana hodari aliyekuwa amejitayarisha vyema, alionyesha ukutani kwa projekta ramani nzuri yenye rangi. Katikati palikuwa na jina la riwaya. Matawi makuu yalikuwa manne: Wahusika, Maudhui, Mbinu za Lugha, Mandhari. Chini ya Maudhui kulikuwa na maneno haya, kila moja kwenye mstari wake: ukatili, ufisadi, ubinafsi, unafiki, umaskini, uongozi mbaya, ukengeushi, wizi. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huo wizi ni wa nani?" Mwalimu akamjibu kwamba hilo liko kwenye tawi la wahusika, watalifikia kipindi kijacho.

Jibu lile halikuwa la uzembe. Lilikuwa jibu sahihi kwa mujibu wa mchoro. Mchoro ndio uliokuwa umemtenga mwizi na wizi wake, ukamweka mmoja kulia na mwingine kushoto.

Yatazame tena maneno yale. Yote ni majina dhahania yenye kiambishi u-, hata "wizi", ambalo u- yake imegeuka w- mbele ya irabu. Hili halikutokea kwa bahati. Mtu akiamriwa kulifupisha tukio kwa neno kuu moja, na akidhani kwamba neno kuu sharti liwe jina, Kiswahili humpa kiambishi hicho kiwe tayari. U- huchukua kitendo au sifa na kuiondolea mwenyewe, wakati wake na aliyetendewa. Mtu akisema "ukatili", hakuna aliyepiga na hakuna aliyepigwa. Akisema "ufisadi", fedha zimekwenda lakini hapana mkono uliozichukua.

Linganisha sasa na kitenzi. Katika riwaya hiyo Mwalimu Majisifu huuchukua mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Kiswahili kinalisema jambo hili kwa neno moja: alimwibia. Ndani ya neno hilo kuna a- ya mtenda, -li- ya wakati, -mw- ya mtendewa, mzizi -ib-, na kiambishi -i- cha kauli ya kutendea, ambacho hapa hutuambia kwamba kitendo kilimpata mtu kwa hasara yake. Neno moja, kwa hesabu ya Buzan. Sentensi kamili, kwa hesabu ya Novak. Ni dhahiri basi kwamba sharti la "neno moja kwa kila mstari" lilitungwa na mtu aliyekuwa akifikiria lugha ambayo kitenzi chake, kikisimama peke yake, hakisemi mengi. Kiingereza kinalazimika kuchagua kati ya neno moja na uhusiano kamili. Kiswahili hakilazimiki. Walimu wetu wameupokea ufukara ambao si wa lugha yao.

Yawezekana mtu akauliza: je, si kweli kwamba vitabu vya mwongozo vilikuwa vikiorodhesha "ukatili" na "ufisadi" miaka mingi kabla ya intaneti kufika? Ni kweli, nasi hatuwezi kuitwika programu dhambi ya mwongozo. Lakini kuna tofauti ya kiwango. Mwongozo, hata uliofupishwa mno, ulilazimika kuandika aya chini ya kila kichwa, na katika aya hiyo mtenda na mtendewa walirudi. Ramani ya mawazo haina aya. Kile kilichokuwa kichwa cha maelezo sasa ndicho maelezo yenyewe. Na kwa kuwa mchoro wa mtandaoni husambazwa kwa kiungo kimoja tu, au hupigwa picha na kutumwa kwa simu, mara nyingi huwa ndio maandishi pekee ambayo mwanafunzi anayapitia usiku wa kuamkia mtihani.

Hapa hoja inavuka mipaka ya darasa. Sehemu kubwa ya riwaya na tamthilia za Kiswahili zilizofundishwa katika shule zetu zimeandikwa ili kumwonyesha msomaji kwamba maovu ya jamii yana watendaji wenye majina, nyumba na nasaba. Kijana akifundishwa kwa miaka minne kwamba jibu la "riwaya inahusu nini?" ni "ufisadi", atakuwa amejifunza kuuona ufisadi kama hali ya hewa, kitu kinachokuja na kupita bila kuletwa na mtu. Msemaji wa kisiasa asiyetaka kuulizwa ni nani aliyenyakua shamba husema "unyakuzi wa ardhi ni tatizo kubwa". Hasemi "walinyakua", kwa sababu wa- hiyo itamfanya msikilizaji aulize ni akina nani. Darasa la fasihi lingepaswa kuwa mahali ambapo kijana anajifunza kuuliza swali la yule msichana. Mchoro ulimjibu kwamba swali hilo ni la kipindi kijacho.

6. Mfuatano na muktadha

Kasoro ya pili ya mchoro kwa upande wa fasihi ni kwamba hauna wakati. Matawi yote yanaonekana kwa pamoja, na jicho laweza kuanzia popote. Kwa mada kama "aina za udongo" hilo ni jambo jema. Kwa kazi ya sanaa, ambayo maana yake hujengwa kwa kutangulia na kufuata, ni hasara.

Tuchukue tena Kidagaa Kimemwozea. Kuna mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa Amani, na msomaji anakaa kwa muda mrefu bila kujua wazazi wake. Baadaye hubainika kwamba baba yake ni Mtemi Nasaba Bora mwenyewe. Kinaya cha jina la Mtemi huyo, na cha jina Uhuru alilopewa mtoto, huiva polepole katika muda huo wa kutojua. Katika ramani ya wahusika, Mtemi na Uhuru huunganishwa kwa mstari mmoja tangu dakika ya kwanza. Taharuki haikupunguzwa, bali imefutwa. Tena, mswada ule ulioibwa una jina lile lile la riwaya tunayoisoma. Kitabu kimejitia ndani yake chenyewe, na mti, ambao hauwezi kulifanya shina kuwa tawi lake, hauna njia ya kuonyesha jambo hilo.

Katika ushairi mambo ni yale yale. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, hupata nguvu yake kutokana na mpangilio wa beti. Mtunzi anausemesha moyo wake, anauonya juu ya hadaa za dunia, kisha anatuingiza katika majumba ya mabwana wa Pate yakiwa na fahari yake yote, na baada ya hapo ndipo anapotuonyesha majumba yale yale yakiwa magofu yenye popo na bundi. Gofu linatisha kwa sababu msomaji ametoka kuziona taa zikiwaka. Ramani itaandika "fahari" kwenye tawi moja na "maanguko" kwenye tawi jingine, na mwanafunzi atakuwa na habari zote za utenzi pasipo kuwa na utenzi.

Ajabu ni kwamba hata mtihani, ambao huchukuliwa kuwa ndio unaowasukuma walimu kwenye vifupisho, unadai kinyume chake. Swali la dondoo katika karatasi ya fasihi humtaka mtahiniwa aeleze muktadha: msemaji ni nani, anamwambia nani, wapi, na kwa nini wakati huo. Hayo yote ni mambo ambayo kitenzi na mfuatano huyahifadhi na ambayo neno kuu huyatupa. Mwalimu anayechora ramani kwa ajili ya mtihani anamtayarisha mwanafunzi kwa mtihani usiokuwepo.

7. Ushahidi wa utafiti

Isidhaniwe kwamba tunayapuuza matokeo ya wataalamu wa elimu. Mnamo 2006 John Nesbit na Olusola Adesope walijumlisha matokeo ya tafiti 55 zilizowahusu washiriki 5,818. Walibainisha kwamba wanaotumia michoro ya dhana hukumbuka zaidi kuliko wanaosoma matini au kusikiliza mhadhara tu. Lakini walipoilinganisha na kazi nyingine za kujenga, kama kuandika muhtasari, faida ya mchoro ilikuwa ndogo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya manufaa hutokana na mwanafunzi kufanya kazi kwa akili yake, wala si kutokana na umbo la matawi.

Mnamo 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, katika jarida la Science, waliwalinganisha wanafunzi waliochora michoro ya dhana huku matini ikiwa mbele yao na wale waliosoma, wakaiweka matini kando, na kujaribu kuikumbuka. Kundi la pili lilijifunza zaidi, hata pale mtihani wenyewe ulipokuwa wa kuchora mchoro. Wanafunzi wenyewe walikuwa wametabiri kinyume. Kuchora huku kitabu kikiwa wazi humpa mtu hisia kwamba ameelewa, na hisia hiyo huweza kumdanganya.

La kuzingatia hapa ni kwamba matini zilizotumika katika jaribio hili la pili zilikuwa za sayansi. Kama mchoro una mipaka hata pale ambapo maarifa yamekwisha kupangwa kwa makundi, hatuna sababu ya kutarajia kwamba utaifaa zaidi kazi ya sanaa ambayo haikutungwa kwa makundi.

8. Mapendekezo

Kukosoa bila kuelekeza ni nusu ya kazi. Kwa hiyo twapendekeza mambo matano, ambayo yote yanawezekana kwa programu za mtandaoni, na yote yanawezekana pia kwa chaki au kalamu pale ambapo umeme au mtandao haupo.

Kwanza, kila mstari unaowaunganisha wahusika uandikwe kitenzi kamili chenye viambishi vyake, wala si jina dhahania. Kati ya Majisifu na Amani paandikwe "alimwibia mswada". Programu nyingi huruhusu maandishi juu ya mstari. Mwalimu na alifanye kuwa sharti. Jina dhahania liruhusiwe mwishoni tu, baada ya vitenzi kukusanywa, kama hitimisho ambalo mwanafunzi amelifikia mwenyewe.

Pili, mwanafunzi aulizwe afanye mabadiliko ya kauli. "Alimwibia", "aliibiwa", "uliibwa": ni nani anayetajwa katika kila kauli, na ni nani anayefichwa? Kwa njia hii somo la sarufi na somo la fasihi, ambayo ratiba zetu huyatenga, yanakutana mahali pamoja.

Tatu, matawi ya matukio yatiwe nambari mbili: moja ya mfuatano wa kutokea kwake na nyingine ya mfuatano wa kusimuliwa kwake. Pale nambari hizo zinapotofautiana ndipo mwanafunzi atakapokiona kisengere nyuma kwa macho yake, bila kukariri ufafanuzi wake.

Nne, ramani ichorwe kitabu kikiwa kimefungwa, kisha kifunguliwe kwa ajili ya kuisahihisha. Yaliyosahauliwa yaongezwe kwa rangi nyingine, ili mwanafunzi aione mipaka ya kumbukumbu yake.

Tano, na hili ndilo muhimu kupita yote, ramani isiwe mwisho wa kazi. Kila tawi lirudishwe kuwa aya yenye viunganishi: kwa sababu, ijapokuwa, ndipo, hata hivyo, licha ya. Viunganishi hivi ndivyo mifupa ya hoja, na ndivyo vitu ambavyo mchoro wa Buzan hauna hata mahali pa kuviweka. Mwanafunzi asiyeweza kuirudisha ramani yake kuwa nathari hajaielewa, hata kama rangi zake zinapendeza.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ramani ya mawazo inafaa katika msamiati, mnyambuliko na maandalizi ya insha. Kwamba inayumba katika ngeli kwa kuwa mti hukubali mzazi mmoja. Na kwamba katika fasihi, ikitumiwa kwa sharti la neno moja la jina, huondoa mtenda, mtendewa na wakati, yaani vile vitu ambavyo mwandishi alivitungia kazi yake. Tumeonyesha pia kwamba kasoro hii si ya lazima. Lugha yenye neno kama "alimwibia" haina haja ya kuazima ufukara wa lugha nyingine.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mnamo 2019 unahimiza ujuzi wa kidijitali na stadi ya kujifunza namna ya kujifunza, na hapana shaka michoro hii itazidi kuenea katika shule zetu. Kazi ya idara zinazowaandaa walimu wa Kiswahili si kusubiri zana hizi zifike zikiwa zimekwisha kuamua namna ya kusoma. Inatupasa kuzipokea kama nahodha anavyopokea ramani mpya: kuilinganisha na bahari anayoijua kabla ya kuwapakia abiria. Wenzetu wa isimu na wa fasihi wanakaribishwa kuyapima haya katika madarasa yao, na kutukosoa pale tulipokosea. Nasi tungependa hasa kusikia ni walimu wangapi waliowahi kuulizwa swali la yule msichana, na walimjibu vipi.